Kikombe cha Pili cha Josia

Watu wa Kanazi wakikuambia kwamba Josia Rugaibula alinioa kwa kukanyaga ndizi, usiwabishie. Ni kweli, ila wanasimulia vibaya. Wanaanzia mwishoni, mguu wanausahau, Mchina hawamjui, na chai wanaitaja kwa kejeli tu. Mimi Kokuhirwa ndiye mkewe, nilikuwepo, na watu wanaosimulia hovyo wananiudhi, kwa hiyo nitaanza mwanzo.

Josia ni mtu wa Muleba. Aliingia Keya, jeshi la Waingereza, akiwa kijana mwenye miguu miwili mizuri, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Mwaka 1944 kombora lilimpasua paja la kushoto. Akalazwa hospitali ya jeshi huko Asam, upande wa Bara Hindi, mahali ambapo vilima vyote vimepandwa chai. Daktari alimwambia kwamba mguu umeokoka lakini hautabeba tena uzito wa mwanamume, na kwamba akirudi kwao atafute kazi ya kukaa.

Nje ya wodi yake kulikuwa na Mchina mmoja aliyeitwa Lin, mchunga nyumbu wa jeshi la kwao, mtu wa makamo. Nyumbu alimpiga teke akamvunja mbavu. Kila asubuhi Lin alisimama kwenye majani, magoti yamelegea kidogo, mikono ameizungusha mbele ya kifua kama aliyekumbatia chungu, na alikaa hivyo hivyo mpaka jua linapanda. Kisha alianza kutembea polepole mno, akihamisha uzito wote kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Josia, aliyekuwa akimtazama kutoka kitandani, aliamini kwamba nyumbu yule alimpiga teke la kichwa pia.

Siku alipopewa magongo, alimfuata akamuuliza kwa ishara anafanya nini. Lin alicheka, akamgusa kifuani kwa vidole viwili tu, na Josia akaanguka chali na magongo yake. Alikasirika. Alikuwa koplo, na alikuwa amemzidi yule mtu kichwa kizima. Akasimama, akamsukuma Lin kwa nguvu zake zote, na mikono yake ikapita kama aliyesukuma pazia, akaanguka tena, safari hii kifudifudi. Hapo ndipo alipoomba kufundishwa.

Alifundishwa miezi saba. Lugha yao ilikuwa maneno machache ya Kihindustani waliyookota wote wawili kambini, na mengine yote yalikuwa mikono. Wiki za kwanza hakufanya lolote ila kusimama. Lin alimkandamiza mabega, akamwonyesha kwamba nguvu haitafutwi begani wala kwenye msuli wa paja. Inaachwa ishuke yenyewe mpaka kwenye nyayo, na mwili unabaki umelegea bila kulala. Josia alitetemeka, akatoa jasho, akalia kwa maumivu, na kesho yake akasimama tena. Nimemwuliza mara nyingi kwa nini hakuacha. Jibu lake ni kwamba daktari alikwisha kumwambia la kukaa, na hakuwa na haja ya kulisikia mara mbili.

Alasiri walikunywa chai. Lin alikuwa na buli dogo la udongo na vikombe visivyo na vishikio, kila kimoja kinaenea kiganjani. Hakutia maziwa wala sukari. Maji ya kwanza aliyamwaga, ya pili ndiyo aliyokunywa, na kabla ya kunywa alikileta kikombe puani, akafumba macho, akavuta harufu taratibu. Josia alidhani sukari imeadimika kwa sababu ya vita, akawa anamwonea huruma. Baadaye alielewa kwamba kunusa ni namna ya kumshukuru aliyelima, aliyechuma, na aliyechemsha. Tena Lin alimjazia kikombe mpaka ukingoni, akamwamuru atembee nacho zile hatua za polepole kutoka wodi hadi kisimani. Chai ikimwagika, anarudi kuanza upya. Mwezi wa mwisho haikumwagika.

Walipoachana, Lin alimpa vikombe viwili. Kimoja akakiweka kwenye kifua cha Josia. Cha pili akaonyesha mbali, kwa mtu asiyekuwepo. Josia alielewa kwamba ni cha mtu ambaye yeye naye atamfundisha.

Hayo yote niliyajua baadaye. Mwaka 1947 nilichojua ni kwamba kuna mshonaji kilema kijijini Kitendaguro, anakaa kwa shangazi yake, na cherehani yake iko barazani kwa Mhindi mmoja mjini Bukoba. Baba yangu, Lwakatare, ni mzee wa kanisa la Kilutheri hapa Kanazi, na koti lake la kanisani lilikuwa limechanika kwapani. Nikatumwa nalo.

Nilimkuta anakunywa chai nyeusi katika kikombe cha kuchezea watoto. Nikamwambia kwamba kama sukari imemwishia aseme tu, kwetu ipo. Hakukasirika. Alinimiminia katika kikombe hicho hicho, akaniambia ninuse kwanza. Nilinusa ili nimcheke vizuri. Ajabu, nikasikia harufu ya majani makavu, na ya moshi kwa mbali, na ya mvua. Majani yenyewe ni yale yale anayouza Mhindi, ambayo mama huyachemsha mpaka yakakoma kuwa chai. Nikaona kikombe cha pili kimefungwa kitambaa.

"Hicho je?" nikamuuliza.

"Hicho kina mwenyewe, bado sijampata."

Tangu siku ile nguo za nyumbani kwetu zilichanika kwa wingi wa kutisha. Mama alishangaa, kisha akaacha kushangaa. Mimi nilikuwa nimeamua mambo mawili, kwamba Josia atakuwa wangu, na kile kikombe pia.

Mwaka uliofuata alikuja kujitambulisha nyumbani, amevaa suti aliyojishonea, akitegemea fimbo. Mama yangu, Kokwijuka, alitupatia kwanza akamwani, zile buni zilizochemshwa ambazo kila mgeni hutafuna kwetu. Kisha akaleta chai yake ya maziwa, ameitia tangawizi, katika vikombe vya sherehe. Baba alikuwa anazungumza vizuri. Kaka yangu Mwijage alikuwa ameketi mlangoni, kimya, na Mwijage akikaa kimya ujue amefurahi.

Josia akapokea kikombe kwa mikono miwili, akakileta puani, akafumba macho, akanusa. Muda mrefu.

Asiyezaliwa kwetu hataona ubaya. Lakini kwetu mwenye nyumba huonja kwanza kinywaji mbele ya mgeni, kusudi mgeni ajue hakuna sumu. Mgeni anayenusa anachopewa anamwambia mwenyeji mbele ya watoto wake kwamba hamwamini. Mama alibaki ameshika sinia. Nilitamani ardhi ipasuke, na kabla haijanimeza nimpige Josia kofi.

"Kijana," baba akasema, "unatafuta nini kwenye chai ya mke wangu?"

"Nanusa, waitu," Josia akajibu kwa heshima. "Nilikofundishwa, kunusa ni kumheshimu aliyepika."

"Ulifundishwa wapi?"

"Asam, waitu. Na Mchina."

"Hapa ni Kanazi."

Baba akamnyang'anya kikombe, akakinywa chote, moto vile vile, macho yakamtoka machozi, akakiweka chini. Halafu akasema neno ambalo nadhani alikuwa nalo tangu alipoiona ile fimbo. Sikukuu yoyote ya nyumba yetu ina mramba, maji matamu ya ndizi yasiyochachuka, kwa sababu pombe aliiacha alipobatizwa. Mramba unakamuliwa kwa miguu ya wanaume. Mume wa binti yake atasimama wapi wanaume wanapokanyaga?

"Ndizi zangu za msimu ujao utazikanyaga wewe, peke yako, obwato nzima, na fimbo utaiacha nyumbani. Utatoa mramba, utaonja wewe kwanza, nami nitaona kama wa kunyweka. Ukianguka, binti yangu usimtaje tena."

"Nimekubali, waitu," Josia akasema. Akachukua fimbo yake akaondoka, na chai ya mama hakuionja.

Obwato ni mtumbwi wa gogo lililochongwa, ila huu hauendi ziwani. Unajazwa ndizi mbivu zilizomenywa, na nyasi juu yake, na wanaume wanaingia humo pekupeku, wawili au watatu, wanashikana mabega, wanaruka na kuimba mpaka ndizi zinatoa maji. Ndani yake panateleza kupita udongo wa mvua. Nimeona watu wenye miguu mizima wakianguka humo wakavunja meno. Mtu mwenye mguu mmoja wa kuazima, peke yake, bila bega la kushika, baba alijua anachodai. Alikuwa ameniambia hapana, ila kwa njia ya mzee wa kanisa.

Josia alikuwa na miezi mitatu. Kila alfajiri, kabla ya kwenda barazani, alisimama mgombani kwa shangazi yake, magoti yamelegea, mikono imekumbatia chungu kisichokuwepo. Kisha alijaza kikombe maji mpaka ukingoni akatembea nacho kati ya migomba, kwanza chini kukavu, halafu juu ya maganda ya ndizi aliyoyatandaza makusudi. Majirani walisimama njiani kumtazama. Walisema amerogwa, wengine walisema vita vimemrusha akili, na shangazi yake aliwajibu wote kwamba angalau mgomba wake sasa una mlinzi.

Wiki ya saba alijaribu kwenye obwato ya jirani. Alianguka. Alipigwa ubavu na ukingo wa gogo, na paja likavimba hata suruali haikupanda. Nilipofika barazani nilimkuta anashona kwa mguu wa kulia tu. Nikashindwa kujizuia, nikalia, na nikilia huwa nagomba.

"Basi tutoroke," nikamwambia. "Wasichana wangapi wametoroshwa hapa Buhaya na baba zao wakapoa? Twende Muleba kesho. Baba atafoka mwaka mmoja, halafu atataka kumwona mjukuu."

"Sikutoroshi."

"Kwa hiyo unautaka ushindi kuliko unavyonitaka mimi?"

Aliacha kushona. "Kokuhirwa, nilimtukana mama yako nyumbani kwake bila kujua. Nikikutorosha, nitakuwa nimemtukana tena, safari hii najua. Nitaingia kwenu kupitia mlangoni."

"Na mguu?"

"Nilianguka kwa sababu nilitaka kuruka kama wao. Nilikuwa naona aibu kwenda polepole. Hiyo aibu ndiyo iliyoniangusha, mguu haukuwa na kosa."

Nilimwambia ni mjinga. Nikamwambia pia kwamba akianguka siku yenyewe nitakuja kumwokota mimi mwenyewe mbele ya wazee wote, na aibu hiyo itakuwa yetu sote wawili. Nilipokuwa nashuka barazani nilijua kwamba sitatoroka na mwingine wala kuolewa na mwingine.

Siku ikafika. Ndizi zilikuwa zimefukiwa shimoni siku tano, zimeiva mpaka harufu yake ilifika barabarani. Wanaume wa Kanazi walikuja wengi, wanasema wanakuja kusaidia kumenya, lakini walikuja kutazama. Wanawake hatukaribii obwato wakati wa kukanyaga, kwa hiyo mimi na mama tulikaa mlango wa jikoni, hatua ishirini hivi kutoka hapo. Baba aliweka kiti chake kivulini, upande wa pili wa uwanja.

Josia aliegemeza fimbo ukutani. Aliosha miguu, akakunja suruali, na kila mtu akaliona kovu, limezama pajani kama kofi la mtu. Akaingia. Akasimama tu. Watu walingoja aanze kuruka, naye akawa amesimama, amelegeza magoti, mpaka Mwijage akauliza kwa sauti kama anangoja basi.

Kisha akaanza. Hakuimba wala hakuruka. Uzito wake wote ulishuka mguu wa kulia, ndizi zikabonyea taratibu, mguu wa kushoto ukatoka mtupu, ukatafuta mahali, ukatua, nao ukapokea. Wanaume walicheka. Mmoja alisema kwa mwendo huu mramba utakuwa tayari Krismasi. Baada ya saa moja walichoka kucheka, wengine wakaenda zao. Baada ya saa mbili waliobaki walikuwa wamenyamaza, kwa kuwa maji yalikuwa yameanza kupanda kwenye nyasi, meupe, safi, bila ule weusi unaokuja ndizi zikipigwapigwa.

Jua lilifika utosini. Mimi nilikuwa namwona anavyobana midomo. Paja la kushoto lilianza kutetemeka, kidogo kidogo, halafu waziwazi. Mama alinishika mkono akaubana.

Hapo Mwijage akachoka kungoja. Sijui mpaka leo kama alitaka kumsaidia au kumharibia, na nikimuuliza hajui na yeye. Alivua viatu akarukia ndani ya obwato, akisema, "Kanyaga kama mwanamume!" Ni mtu mzito kaka yangu. Aliruka mara mbili, ya tatu miguu ikamponyoka, na mwili wake wote ukamwangukia Josia ubavuni, upande wa kushoto, upande wa mguu mbovu.

Nilipiga yowe. Josia hakumsukuma wala hakukaza. Alimpokea kwa mikono ile ya kukumbatia chungu, akashuka kidogo, kiuno kikageuka, na Mwijage akazunguka naye akajikuta ameketi kwenye ukingo wa gogo, mzima, mdomo wazi. Mguu wa kushoto ulikuwa umebeba watu wawili. Ulitetemeka kama jani, lakini ulibaki pale ulipokuwa.

"Pumzika hapo, shemeji," Josia akamwambia, akaendelea kukanyaga.

Alimaliza alasiri. Wanaume walichuja, wakajaza kibuyu, na hakuna aliyecheka. Josia alitoka kwenye obwato akashika ukuta. Kutoka kwenye mfuko wa koti akatoa vikombe vyake viwili. Akajaza cha kwanza akanywa, kama desturi inavyotaka, watu wote wakamwona akimeza. Kisha akafungua kile kitambaa, akajaza cha pili.

Nilielewa anachotaka kufanya nikashikwa na hasira. Sitaficha. Kikombe kile nilikuwa nimekingoja mwaka mzima na zaidi, nimechana nguo kwa ajili yake, na sasa anampa baba yangu, mtu aliyemtesa siku nzima kwenye ndizi.

Alikijaza mpaka ukingoni. Fimbo aliiacha ukutani. Akaanza kuvuka uwanja kuelekea kiti cha baba, hatua ile ile ya polepole, mguu wa kulia, kimya, mguu wa kushoto, kimya. Paja lilikuwa linaruka lenyewe. Mikono haikutikisika. Nikajikuta nahesabu hatua kwa midomo, na mama naye anahesabu. Alipofika alipiga goti la kulia, akakinyoosha kwa mikono miwili. Chini, kwenye vumbi lote lile la uwanja, hapakuwa na tone.

Baba alikitazama kikombe. Akamtazama Josia, matope ya ndizi yamemfika mapajani. Akakipokea. Nilidhani atakinywa kwa mkupuo kama alivyokunywa ile chai ya ugomvi.

Alikileta puani. Akafumba macho. Alinusa muda mrefu mpaka wazee waliokuwa kando yake wakatazamana, na mama akajifunika uso kwa khanga. Kisha akanywa nusu.

"Kokuhirwa," akaita bila kufumbua macho. "Njoo, mwana wange."

Nilivuka uwanja. Hasira yote iliniishia njiani. Baba aliniwekea kikombe kiganjani, kidogo, chenye joto la mkono wake.

"Malizia," akasema. "Halafu mshike mkono mumeo, hataweza kunyanyuka peke yake."

Watu wote walikuwa wanangoja ninywe. Mimi nikakileta puani kwanza, nikafumba macho, nikanusa.